Kibao Kisicho na Kioo

RESTUTA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

OPTATUS: Nani mwenzako! Mjomba wako Optatus, nani mwingine? Napiga weee, simu inaita mpaka inachoka. Umelala mchana wote huu?

RESTUTA: Shikamoo mjomba.

OPTATUS: Marahaba. Ulikuwa umelala?

RESTUTA: Hapana, mjomba. Simu ilikuwa inasumbua kupokea. Habari za Dar? Kipaimara cha mjukuu wako, mtoto wa Andrea, kimeendaje?

OPTATUS: Kimeenda vizuri. Tumekula, tumecheza, mpaka kiuno kinauma. Mama yako hajambo?

RESTUTA: Hajambo, yuko kanisani, leo zamu yao kufagia. Mjomba, uko wapi? Mbona kelele hivyo—

OPTATUS: Kariakoo, wapi tena! Nimetoka kukuchukulia huo mdude wako.

RESTUTA: Umekipata? Mjomba! Umepata kibao changu cha kuchorea?

OPTATUS: Nimepata. Lakini wewe mtoto umeniponza leo. Kidogo nipigane na watu.

RESTUTA: Kwa nini tena?

OPTATUS: Ngoja nisogee, hawa wa mikokoteni watanikanyaga... [mikwaruzo] ...haya. Nimeingia dukani, nikamwonyesha kijana ile picha uliyonitumia. Akasema, "Mzee, kipo." Akatoa kitu cheusi, chembamba. Nikakigeuza huku na huku. Nikamwambia, washa nione. Ananiambia, "Mzee, hiki hakiwaki."

RESTUTA: Ee...

OPTATUS: Hakiwaki! Kitu hakiwaki halafu unaniuzia mimi? Mimi nimetoka Kiranjeranje juzi, lakini sikutoka jana kwenye yai!

RESTUTA: Mjomba, lakini—

OPTATUS: Ngoja nimalize. Nikamuuliza, kioo kiko wapi? Anasema hakina kioo. Nikajua hapa napigwa. Nikapaza sauti, watu wakajaa. Nikawaambia, jamani, huyu ananiona wa kuja, anataka kuniuzia ubao wa kukatia vitunguu!

RESTUTA: Yesu na Maria.

OPTATUS: Wakacheka, lakini wakaniunga mkono. Kijana akaona aibu, akaniletea chenye kioo. Kishikwambi hasa, kama vile walivyokuja navyo watu wa sensa. Kinawaka, kinaimba, kina picha za wanyama. Na kava lake la waridi, lina masikio ya sungura. ...Haloo? Restu? Mtandao huu nao... Haloo!

RESTUTA: Nipo, mjomba.

OPTATUS: Mbona hushukuru?

RESTUTA: Ahsante, mjomba. Ila... hicho cheusi ndicho chenyewe.

OPTATUS: Ndicho nini?

RESTUTA: Ndicho nilichokuagiza. Hakiwaki. Ndivyo kilivyoumbwa. Hakina kioo.

OPTATUS: Acha utani.

RESTUTA: Sitanii. Picha si nilikutumia, mjomba? Si uliona kilivyo cheusi?

OPTATUS: Niliiona. Nikajua kimepigwa picha kikiwa kimezimwa.

RESTUTA: Aah, mjomba! Jamani!

OPTATUS: Sasa hiyo "jamani" ya nini? Kitu cha kuchorea hakionyeshi unachokichora, utakijuaje?

RESTUTA: Unakichomeka kwenye simu kwa waya. Kina kalamu yake. Unachora juu ya kibao, mstari unatokea kwenye simu.

OPTATUS: Mkono huku, macho kule?

RESTUTA: Ndiyo.

OPTATUS: Kama mwenye makengeza?

RESTUTA: Mjomba, fundi cherehani anaangalia mguu wake? Mguu uko chini unakanyaga, jicho liko kwenye sindano. Mkono unazoea.

OPTATUS: Hmm. Na hiki changu, chenye kioo, kwa nini kisifae? Unachora papo hapo, unaona papo hapo. Mimi naona nimekuongezea.

RESTUTA: Hicho ni cha watoto kuangalia katuni. Hakisikii kalamu. Ile kalamu nyingine ukiiegemea, mstari unanenepa, ukiilegeza unakuwa mwembamba kama unywele. Hicho chako mstari ni mmoja tu, mnene kama—

OPTATUS: Lakini kalamu ipo! Wamenipa na kalamu, ina kampira mbeleni.

RESTUTA: Ninayo hiyo ya mpira! Nilinunua Lindi, haikumaliza wiki. Ni kama kuchora kwa mhogo.

OPTATUS: Basi ungesema nichukue chenye kioo na kalamu nzuri, vyote pamoja.

RESTUTA: Vipo. Bei yake unapata ng'ombe na ndama wake. Halafu vingi vinataka kompyuta, mimi kompyuta naitoa wapi? Ndiyo maana nilihangaika kutafuta, nikauliza watu, nikasoma usiku na mchana, nikapata hicho kimoja. Kidogo, bei yangu, kinakubali simu, na kalamu yake haitaki chaji. Nikakuandikia yote hayo, mjomba. Yote!

OPTATUS: Usinipandishie sauti.

RESTUTA: Nisamehe, mjomba.

OPTATUS: Uliandika mengi mno. Nani anasoma maandishi marefu hivyo juani?

RESTUTA: Mjomba, nisamehe, lakini nina hasira!

OPTATUS: Na nani?

RESTUTA: Na wote! Na wewe, na huyo kijana, na hao waliocheka! Nilikuomba kitu kimoja tu! Ulikishika mkononi, mjomba. Ulikishika kabisa halafu ukakirudisha!

OPTATUS: Umemaliza?

RESTUTA: Nimemaliza.

OPTATUS: Mama yako angekusikia unavyoongea na mjomba wako angekutwanga.

RESTUTA: Najua.

OPTATUS: Sikiliza sasa. Mimi narudi kesho alfajiri na basi la kwanza. Kitu kimeshanunuliwa, kava limeshafunguliwa. Kipokee hivyo hivyo. Maisha ni kupata unachopata.

RESTUTA: Mjomba, rudi dukani ubadilishe. Bado uko Kariakoo, si ndiyo? Duka liko karibu?

OPTATUS: Nalitazama kutoka hapa.

RESTUTA: Basi rudi, mjomba, nakuomba.

OPTATUS: Nirudi na sura gani? Nimemwita mtu tapeli mbele ya umati! Nimemtukana, Restu. Nimesema na wazazi wake walikosea kumzaa. Halafu sasa niingie, "Samahani kijana, lete ule ubao"? Mimi mtu mzima, nina mvi hizi!

RESTUTA: Mwambie mimi ndiye niliyekosea kukuelekeza.

OPTATUS: Siwezi. Hata usiniambie. Chukua hiki, chora kwa kidole. Watoto wa Andrea wanachora kwa kidole kutwa nzima, mpaka wanachapwa.

RESTUTA: Siwezi kwa kidole.

OPTATUS: Huwezi au hutaki?

RESTUTA: Siwezi.

OPTATUS: Ile pua yangu ulinichorea kwa kutumia nini? Si kwa kidole? Ukairusha kwenye kundi la ukoo mzima! Pua kama dafu! Mpaka shemeji wa Mitole akanipigia kunipa pole.

RESTUTA: Ilikuwa utani, mjomba.

OPTATUS: Nisikilize. Ulichora kwa kidole au hukuchora kwa kidole?

RESTUTA: Kwa kidole.

OPTATUS: Haya! Kumbe unaweza!

RESTUTA: Wakati ule niliweza.

OPTATUS: Wakati ule! Na sasa kidole kimeota mwiba?

RESTUTA: [mikwaruzo] ...si... havisomi...

OPTATUS: Nini? Sikusikii. Panda hapo kwenye kichuguu, si ndiyo mnaposhikia mtandao?

RESTUTA: Nimesema havisomi!

OPTATUS: Nini hakisomi?

RESTUTA: Vidole. Simu haivisomi vidole vyangu, mjomba. Nagusa, haijui kama nimegusa. Ulipokuwa unapiga nilikuona. Nilikuwa nasugua kioo kuipokea, kinagoma. Mwisho nimepokea kwa pua.

OPTATUS: Kwa pua?

RESTUTA: Ndiyo.

OPTATUS: Unanirudishia lile la pua yangu?

RESTUTA: Mjomba, sikuchezei. Ngozi ya vidole imebabuka. Imeisha. Inaota nyingine ngumu kama gamba, inapasuka tena.

OPTATUS: Imebabuka na nini? Umeungua?

RESTUTA: Vitapona tu, mjomba.

OPTATUS: Restuta. Umeungua na nini?

RESTUTA: Korosho.

OPTATUS: Korosho. Unabangua korosho?

RESTUTA: Za Mama Marietha. Anazokaanga kuuza kwa abiria wa mabasi.

OPTATUS: Kwa mikono mitupu?

RESTUTA: Napaka majivu. Wakati mwingine mafuta ya nyonyo. Lakini ukigonga ganda mafuta yake yanaruka tu, hata upake nini. Glavu zikatoboka.

OPTATUS: Tangu lini?

RESTUTA: Mjomba, dakika zako zitaisha, tuache—

OPTATUS: Nakuuliza tangu lini!

RESTUTA: Tangu kile kikao.

OPTATUS: Kikao gani?

RESTUTA: Pale nyumbani. Mama alipokuomba unisaidie ninunue kibao. Alisema neno lako ndilo la ukoo, akakungoja useme. Ukasema anayetaka cha mvunguni ainame. ...Mjomba? Haloo? Usikate, mjomba, sikusema kwa ubaya—

OPTATUS: Sijakata.

RESTUTA: Sikulaumu. Ulisema kweli. Nikainama.

OPTATUS: Nilisema uiname. Nilisema ujichome? Ungelima ufuta kidogo, ungeuza kuku! Nani amekutuma kwenye korosho? Unakumbuka mikono ya bibi yako? Alikuwa hawezi kushika ugali wa moto wala wa baridi! Nilimwambia mama yako, nilimwambia kwa kinywa changu, hakuna mtoto wa ukoo huu atakayebangua tena kwa mikono mitupu. Anajua, huyo dada yangu Romana?

RESTUTA: Anajua. Ndiye ananifunga vitambaa.

OPTATUS: Na hakuniambia.

RESTUTA: Nilimkataza. Alitaka kukupigia, nikamwambia mjomba atasema umeona, mchezo wake umemla mikono.

OPTATUS: Kwani si ndivyo? Si ndivyo, Restu? Mtu mzima, una miaka ishirini na ngapi huko, unajiunguza kwa ajili ya kuchora watu pua!

RESTUTA: Si pua tu.

OPTATUS: Ni nini basi? Niambie. Inakupa nini? Inakulisha?

RESTUTA: Hainilishi.

OPTATUS: Kuna mtu ananunua?

RESTUTA: Hakuna.

OPTATUS: Basi?

RESTUTA: Mjomba, mimi asubuhi niko shamba. Mchana kwa Mama Marietha. Jioni maji, kuni, kupika. Kila saa kuna mtu ananiita Restu, Restu. Nikila nikimaliza, ndiyo nachukua simu nachora. Saa moja tu. Namchora yule mbuzi wa katekista aliyeingia misani, nawachora wanaogombania abiria pale barabarani, nacheka peke yangu. Hiyo saa ndiyo yangu. Siku nisipoipata naona sikuishi siku hiyo, nimefanya kazi tu. Sasa vidole vimekataa. Ikifika ile saa nakaa na simu mapajani, naitazama. Nimechoka kuitazama, mjomba.

OPTATUS: ...Haya.

RESTUTA: Haya nini?

OPTATUS: Nimesema haya. Usikate simu. [kelele za barabara, honi] Hebu pisha hapo, bwana, pisha! ...Restu, upo?

RESTUTA: Nipo. Unakwenda wapi?

OPTATUS: Nyamaza kidogo. ...Kijana, habari ya tangu saa zile. ...Ndiyo, ni mimi. Yule yule. ...Hapana, sikuja kwa shari. Hebu shusha mikono. Nimekuja kukuomba radhi.

RESTUTA: Mjomba...

OPTATUS: ...Ndiyo, na lile la wazazi wako pia. Nalo nimelifuta. Kosa ni langu, sikujua kitu hiki, nikakupigia kelele. Mwenye kukijua ni huyu hapa, yuko Kiranjeranje, nitakuwekea sauti kubwa umsikie. ...Haya, Restu, ongea. Uliza unayotaka kuuliza.

RESTUTA: Kweli, mjomba?

OPTATUS: Uliza, dakika zinakwenda!

RESTUTA: Muulize kama ule waya mdogo wa kuingilia kwenye simu umo ndani ya boksi.

OPTATUS: ...Anasema umo. Ameutoa, nauona.

RESTUTA: Kalamu haichajiwi?

OPTATUS: Haichajiwi, anasema.

RESTUTA: Ncha za akiba? Vile vijiti vidogo, kwa sababu ncha inalika.

OPTATUS: ...Vipo. Vinane hivi, kama vijiti vya meno. Yuko tayari kukijaribu kwenye simu yangu. Subiri. ...Anachomeka. ...Ananipa kalamu. Kijana, mimi? Mimi sijui kuchora! ...Haya, haya.

RESTUTA: Usiangalie mkono, mjomba. Tazama simu.

OPTATUS: Natazama. ...Mbona... Eh! Eh, Restu! Umetokea!

RESTUTA: Mstari?

OPTATUS: Umetokea! Nikiegemea unanenepa! Nikilegeza... ebo! Mwembamba! Nimechora kitu kama funza.

RESTUTA: [anacheka] Ndicho hicho, mjomba! Ndicho!

OPTATUS: Basi ndicho. ...Kijana, funga hiki, chukua hiki cha sungura. ...Nini? ...Kwa nini? ...Kava si nimelifungua tu, sijalitumia! ...Ah. ...Ah, na tajiri wako yuko wapi? ...Hapokei simu. Sawa.

RESTUTA: Anasemaje?

OPTATUS: Subiri.

RESTUTA: Mjomba, anasemaje?

OPTATUS: Anasema kikishafunguliwa hakirudi kwa bei ile ile. Na hiki cheusi ni cha mwisho, kuna mwingine amekiulizia. Anataka nyongeza.

RESTUTA: Kubwa?

OPTATUS: Kubwa kuliko tuliyonayo mfukoni, mimi na wewe.

RESTUTA: Basi, mjomba.

OPTATUS: Basi nini?

RESTUTA: Basi. Njoo na hicho cha sungura, watachezea watoto. Umeshaomba radhi, inatosha. Mimi nitamwomba Mama Marietha aniongezee magunia, msimu ujao nitaagiza—

OPTATUS: Nani aongeze magunia? Hakuna kurudi kwa Mama Marietha!

RESTUTA: Sasa nitafanyaje, mjomba? Nitafanyaje? Kila ninachokishika kinaponyoka! Nimechoka!

OPTATUS: Usilie.

RESTUTA: Silii. Nina hasira tu.

OPTATUS: Lia basi, lakini usiende kwa Mama Marietha. Nyamaza nifikiri. ...Kijana, hebu sogea. ...Nasema hivi. ...Hii hapa. ...Hii, hii ninayoongelea. ...Ya juzi tu, haina mkwaruzo, karatasi yake ya kioo hata haijabanduliwa. ...Ndiyo, itazame.

RESTUTA: Mjomba, unamwonyesha nini? Sauti iko mbali.

OPTATUS: ...Na hicho cha sungura unakibakiza. ...Na unanipa kile kitochi pale, kile cha vitufe, cha bei ya chini kabisa, nimpigie mke wangu njiani. ...Sawa? ...Sawa. Mungu akubariki, nawe una wazazi. ...Restu!

RESTUTA: Nipo, mjomba.

OPTATUS: Kata simu sasa.

RESTUTA: Umeafikiana naye?

OPTATUS: Tumeafikiana. Kesho jioni niko hapo. Mwambie Romana tuna maneno mimi na yeye. Na hivyo vidole uvisafishe kwa maji ya chumvi, ya vuguvugu, si ya moto. Kata.

RESTUTA: Mbona haraka hivyo? Ameshusha bei?

OPTATUS: Kata, mwanangu, nataka nitoe laini.

RESTUTA: Laini? Laini ya nini?

OPTATUS: Ya simu. Ya nini nyingine?

RESTUTA: Mjomba. Hapana. Mjomba, hapana! Hiyo simu kakununulia mwanao Andrea! Kakupa juzi, mbele ya watu, kwenye sherehe!

OPTATUS: Najua kanipa nani.

RESTUTA: Atasema nini? Utamtazamaje? Mjomba, usifanye hivyo, mimi nitakaa bila, nimeshazoea—

OPTATUS: Andrea ana wajomba zake wa kumsikiliza. Wewe wako ni mimi.

RESTUTA: Mjomba—

OPTATUS: Haya, safari njema kwangu, usiku mwema kwenu. ...Kijana, lete hako kapini ka kutolea laini.